Programu Inapita Hatua Gani Kabla Haijafika Kwenye Simu Yako?

Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza faili dogo la sasisho kwa wateja wake duniani. Kompyuta za Windows zilizolipokea zilizima, zikawaka, zikazima tena, zikaishia kwenye ile skrini ya bluu ambayo wengi wetu tunaijua. Saa 2:27 kampuni ikalirudisha faili hilo nyuma. Ni dakika 78 tu. Lakini Microsoft walikadiria kwamba kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilikuwa zimeshaathirika. Safari za ndege zilifutwa, hospitali ziliahirisha huduma, na kituo cha televisheni cha Sky News cha Uingereza kilitoka hewani asubuhi hiyo. Mashine nyingi zilihitaji fundi azifikie kwa mkono, moja baada ya nyingine.

Mtu yeyote angeuliza: ina maana hawakuijaribu kabla ya kuitoa?

Walikuwa na majaribio. Kulikuwa na programu maalumu ya kukagua mafaili ya aina hiyo kabla hayajatoka, na ililikagua faili hilo ikaona liko sawa. Kilichokosekana kilikuwa kwenye hatua nyingine, na tutaifikia huko mbele.

Makala hii inahusu hatua zenyewe: programu inajaribiwaje tangu inapoandikwa hadi inapofika mkononi mwako. Kama kuna jambo moja la kuondoka nalo, ni hili: kila hatua ya majaribio ina swali lake, na hatua moja haiwezi kujibu swali la nyingine. Ukiruka hatua, swali lake halifutiki. Linahamia kwa mtumiaji, naye atalijibu kwa hela yake, kwa muda wake, na mara nyingine kwa mwili wake.

Mfano tutakaotembea nao

Tuseme kuna vijana wanne wanatengeneza aplikesheni ya VICOBA. Ni mfano wa kubuni tu, lakini mambo yenyewe unayajua. Kikundi kina wanachama 30. Kila Jumamosi wanakutana, wananunua hisa, wanakopa, wanarejesha kwa riba ya asilimia 10, na mwisho wa mwaka wanagawana. Mpaka sasa hesabu zote ziko kwenye daftari la mweka hazina, na pesa ziko kwenye sanduku lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake.

Aplikesheni hii inataka kuchukua nafasi ya daftari na sanduku. Kwa hiyo sio mchezo. Ikikosea, kuna mzazi ambaye ada ya mtoto wake imepotelea humo.

Hatua ya 1: kujaribu kipande kimoja kimoja

Programu yoyote kubwa imejengwa kwa vipande vidogo. Kipande kimoja kinakokotoa riba, kingine kinahesabu hisa, kingine kinakagua namba ya siri. Jaribio la kwanza linachukua kipande kimoja peke yake na kuuliza: je, hiki kinafanya kazi yake?

Chukua kipande cha riba. Ukikipa mkopo wa shilingi 300,000, kinatakiwa kirudishe 30,000. Sawa. Sasa kipe sifuri. Kipe namba hasi. Kipe herufi badala ya namba. Kipe mkopo mkubwa kuliko pesa zote za kikundi. Mpimaji mzuri hapotezi muda mwingi kwenye namba za kawaida, maana hizo mara nyingi zinapita. Anakwenda kwenye mipaka, kwa sababu makosa yanapenda kukaa hapo.

Mfano mtamu ni kugawana. Faida ya shilingi 100,000 igawanywe kwa watu watatu wenye hisa sawa: kila mmoja 33,333, inabaki shilingi moja. Inakwenda wapi? Kwenye daftari, wanachama wangecheka na kuiacha kwenye mfuko wa jamii. Kwenye programu lazima mtu aamue, vinginevyo itaamua yenyewe. Na kikundi kikigawana mara nyingi, kidogo kidogo hesabu zitakataa kulingana, na mweka hazina ndiye atakayetazamwa vibaya.

Majaribio haya huandikwa na waandishi wa programu wenyewe, na kompyuta huyaendesha yote kwa sekunde chache kila wanapobadilisha kitu. Ni ya bei rahisi na ya haraka, ndiyo maana timu nzuri huwa nayo mengi kuliko ya aina nyingine yoyote.

Hatua ya 2: kuviunganisha vipande

Kila kipande kimefaulu mtihani wake. Je, vikikaa pamoja vinaelewana?

Hapa ndipo mambo yanapoanza kunoga. Aplikesheni yetu inaongea na mfumo wa pesa za simu. Kwenye orodha ya wanachama, vijana wetu wameandika namba zinazoanza na 07. Mfumo wa pesa unatuma taarifa ya malipo ikiwa na namba inayoanza na 2557. Kwa binadamu hiyo ni namba ileile. Kwa kompyuta ni watu wawili tofauti, na mchango wa mwanachama unaingia kwa "mtu asiyejulikana". Hakuna kipande kilichokosea. Kosa liko katikati yao.

Au mtandao unasuasua. Mfumo wa pesa unatuma taarifa kwamba malipo yamepokelewa, haupati jibu, unatuma tena. Aplikesheni inahesabu mara mbili. Mwanachama kanunua hisa tano, kaandikiwa kumi. Ukijaribu kipande kimoja kimoja huwezi kuliona kosa hili hata ukikesha.

Mfano wa kweli na mchungu ni chombo cha NASA kiitwacho Mars Climate Orbiter, kilichopotea tarehe 23 Septemba 1999 kilipokuwa kinafika kwenye sayari ya Mars. Programu moja ya ardhini ilitoa takwimu za msukumo wa injini ndogo kwa vipimo vya Kiingereza, yaani pauni-sekunde. Programu iliyozipokea ilidhani ni niutoni-sekunde, vipimo vya mfumo wa kimataifa. Tofauti ni mara 4.45 hivi. Kila upande ulikuwa na hesabu zake safi kabisa, ila walikuwa wanaongea lugha mbili. Chombo kilipita karibu mno na sayari, na hakikusikika tena.

Hatua ya 3: mfumo mzima, katika mazingira yake

Sasa unachukua kitu chote, kuanzia simu ya mwanachama hadi seva hadi ujumbe wa kuthibitisha, na unauliza: je, mfumo huu unafanya kile ulichoahidi, mahali utakapotumika kweli?

Neno la kushika hapo ni "mahali". Programu inayokwenda vizuri kwenye kompyuta ya mwandishi wake, yenye intaneti ya ofisini, bado haijathibitisha lolote kuhusu simu ya bei ndogo iliyojaa picha, kijijini ambako mtandao unakuja na kuondoka. Umeme ukikatika katikati ya malipo inakuwaje? Betri ikiisha? Simu ikipigwa wakati mtu anaandika namba ya siri?

Kwa hatua hii hakuna somo kubwa kuliko roketi ya Ariane 5. Tarehe 4 Juni 1996, roketi hii mpya ya Ulaya iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, ikiwa na setilaiti nne za utafiti. Sekunde kama 37 baadaye ilipinda ghafla, ikavunjika na kulipuka.

Tume ya uchunguzi, chini ya mwanahisabati Jacques-Louis Lions, ilikuta chanzo kwenye kipande kidogo cha programu ndani ya kifaa kinachoiambia roketi iko wapi na inaelekea wapi. Kipande hicho kilikuwa kimetolewa kwenye roketi ya zamani, Ariane 4, ambako kilifanya kazi miaka yote bila shida. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuchukua namba ndefu ya biti 64, inayohusiana na kasi ya kwenda upande, na kuiweka kwenye nafasi ya biti 16. Nafasi hiyo haiwezi kubeba namba inayozidi 32,767. Ariane 4 haikuwahi kufika huko. Ariane 5 ilikuwa na nguvu zaidi na njia tofauti ya kupaa, kwa hiyo namba ilikua haraka na kuzidi. Ni kama kumimina ndoo ya lita 20 kwenye kikombe.

Kifaa kikazima. Kulikuwa na cha akiba, lakini kilikuwa na programu ileile, nacho kilikuwa kimeshazima kabla kidogo kwa sababu ileile. Kinachouma zaidi ni kwamba hesabu iliyoleta balaa ilikuwa ya maandalizi ya kabla ya kuruka. Baada ya Ariane 5 kuondoka ardhini haikuwa na kazi yoyote. Iliachwa iendelee kwa sababu Ariane 4 iliwahi kuihitaji.

Je, hawakuwa na majaribio ya mfumo mzima? Walikuwa nayo. Lakini katika majaribio hayo kifaa halisi hakikuwepo, nafasi yake ilijazwa na kompyuta iliyoigiza majibu yake. Na kifaa chenyewe hakikuwahi kujaribiwa kwa takwimu za njia ya kupaa ya Ariane 5. Ukitaka kulifupisha: walichukua jibu la "kilifanya kazi kwenye Ariane 4" wakalitumia kwa swali la "kitafanya kazi kwenye Ariane 5?"

Hatuna haja ya kwenda angani kupata mfano mwingine. Katika uchaguzi mkuu wa Kenya wa tarehe 4 Machi 2013, matokeo ya awali yalitumwa kwa njia ya kielektroniki na kuonyeshwa hadharani pale Bomas, Nairobi. Idadi ya kura zilizokataliwa ilipanda hadi kupita 300,000, na nchi nzima ikaanza kujiuliza. Baadaye tume ya uchaguzi ilieleza kwamba kosa kwenye programu lilikuwa likizidisha kura zilizokataliwa mara nane. Hesabu ya mwisho, iliyofanywa kutoka kwenye fomu, ilikuwa 108,975.

Kuzidisha kwa nane ni hesabu ya darasa la tatu. Jaribio la kuikamata nalo ni rahisi: fanya zoezi la uchaguzi wa mfano, ingiza kura kumi zilizokataliwa kutoka kituo kimoja, kisha tazama kwenye ubao wa mwisho. Ukiona 80, umelipata. Ugumu haukuwa kwenye hesabu. Gharama yake ilikuwa kwenye imani ya watu, katika wiki ambayo nchi iliihitaji sana imani hiyo.

Hatua ya 4: ukiujaza mzigo

Hii wengine huiweka ndani ya hatua ya tatu, lakini inastahili kutajwa peke yake. Swali lake: mfumo unafanya kazi kwa mtu mmoja, je, kwa watu elfu kumi kwa wakati mmoja?

Vikundi vya VICOBA havikutani kwa zamu. Vingi vinakutana Jumamosi au Jumapili mchana. Kwa hiyo aplikesheni itakaa kimya wiki nzima, halafu saa nane mchana kila mtu anaingia. Ukipima kwa wastani wa wiki utaona kila kitu shwari. Inabidi upime kwa ile saa moja mbaya.

Marekani walilijua hili tarehe 1 Oktoba 2013, siku tovuti ya bima ya afya HealthCare.gov ilipofunguliwa. Ilisanifiwa kuhudumia watu kati ya 50,000 na 60,000 kwa pamoja. Maofisa walisema walifika hadi 250,000. Siku ya kwanza, kwa mujibu wa kumbukumbu za ndani zilizotolewa kwa wabunge, watu sita tu walifanikiwa kujiandikisha. Wakandarasi waliwaambia wabunge kwamba jaribio la mfumo mzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, lilifanyika ndani ya wiki mbili za mwisho tu.

Hapa pia ndipo huwekwa majaribio ya usalama: mtu anapewa ruhusa ya kujifanya mwizi na kutafuta mlango ulioachwa wazi, kabla mwizi wa kweli hajautafuta.

Hatua ya 5: mwenye kazi aseme ndiyo

Mpaka hapa aliyekuwa anajaribu ni mtaalamu. Sasa anaingia mwenye kazi yake, na swali linageuka: je, tumetengeneza kitu anachokihitaji?

Mweka hazina wa kikundi anakaa na simu, vijana wanamtazama bila kumsaidia. Kutomsaidia ni muhimu. Dakika tano hazijaisha anauliza:

"Mwanangu, aliyechelewa faini yake naiandika wapi?"

Kimya. Hakuna aliyefikiria faini. Kisha: "Na huyu mama kamtuma mdogo wake alete hela, si mtaona imetoka simu nyingine?" Kimya tena. Programu haina kosa hata moja la hesabu, imefaulu hatua zote nne, na bado haifai kwa Jumamosi hii.

Watumiaji wa kweli wana jambo lingine ambalo wapimaji hawana: uzoefu wa mikono. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa sita, huko Marekani na Kanada, mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao walikufa. Kosa mojawapo lilijitokeza pale tu mhudumu alipoingiza maelekezo, akagundua kakosea, akarudi kurekebisha haraka, ndani ya sekunde nane. Mhudumu mgeni anaandika polepole, kwa hiyo halioni. Aliyeizoea mashine kwa miezi, vidole vyake vinakimbia, na ndiye aliyeliona. Katika hospitali moja mjini Tyler, Texas, mtaalamu wa fizikia na mhudumu wa mashine ilibidi wakae warudie rudie, kwa kasi ileile ya kazini, ndipo wakaweza kulirudisha kosa hilo na kuwaonyesha watengenezaji.

Kwa hiyo anayeijaribu programu kwenye hatua hii awe yule atakayeitumia kweli. Bosi wake aliyekuja kukata utepe hawezi kumwakilisha.

Jaribio lisiloisha: kurudia ya nyuma

Vijana wanarekebisha faini. Wanafurahi. Lakini marekebisho hayo yamegusa kipande cha riba, na sasa riba inatozwa na juu ya faini. Kitu kilichokuwa kizima jana leo kimevunjika.

Ndiyo maana kila baada ya badiliko majaribio yote ya nyuma yanarudiwa, hata yale ambayo "hayahusiki". Wenyewe kwenye fani wanaita majaribio ya regresheni. Ni kama fundi bomba: akishabadilisha koki ya jikoni, anapita na bafuni kuangalia kama maji bado yanatoka. Kwa kuwa ni kazi ya kuchosha, hukabidhiwa kompyuta iifanye usiku kucha.

Alfa, beta na toleo la mwisho

Maneno haya umeyaona, hasa beta. Haya ni majina ya umri wa programu.

Alfa ni programu ambayo bado haijatoka ndani ya nyumba. Wanaoitumia ni waliyoitengeneza na wenzao wa ofisi moja. Inaanguka anguka, na hakuna anayeshangaa.

Beta inatolewa kwa watu wa nje, wachache au wengi, wanaokubali kuitumia wakijua ina kasoro. Faida yake ni utofauti: simu za kila aina, mitandao ya kila aina, tabia ambazo hakuna maabara inayoweza kuzibuni. Lakini neno hili limechoka kidogo. Gmail ilianza tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na alama ya beta, na alama hiyo haikuondolewa mpaka Julai 2009, wakati mamilioni ya watu walikuwa wameshaifanya posta yao ya kila siku.

Baada ya beta linakuja toleo la mgombea. Hili linachukuliwa kuwa tayari, na lisipokutwa na kosa kubwa ndilo litakalotoka. Kanuni yake ni moja: hakuna kuongeza kipya, ni kurekebisha tu. Mtu akija na wazo zuri siku hiyo, anaambiwa asubiri toleo lijalo. Wazo zuri la dakika za mwisho halijapita hatua yoyote kati ya tulizozitaja.

Hatua ya mwisho ambayo wengi huisahau: kuitoa kidogo kidogo

Sasa turudi kwa CrowdStrike. Uchunguzi wao wenyewe ulionyesha kwamba faili lile liliitaka programu iangalie taarifa 21, wakati sehemu iliyopo kwenye kompyuta ilikuwa inaleta 20. Kompyuta ikaenda kutafuta ya 21 mahali ambapo hapakuwa na kitu, ikaanguka. Kwenye majaribio ya awali na matoleo yaliyotangulia, nafasi ya 21 iliachwa wazi kwa maana ya "chochote kinafaa", kwa hiyo hakuna kilichokwenda kuisoma. Na ile programu ya ukaguzi ilikuwa na kasoro yake, ikaliachia faili lipite.

Makosa kama haya yatatokea. Lililogeuza kosa kuwa janga la dunia ni kwamba faili lilikwenda kwa wateja wote kwa mkupuo. Njia iliyozoeleka ni kumimina kidogo kidogo: kwanza kompyuta za kampuni yenyewe, halafu asilimia moja ya wateja, unasubiri, unaangalia, asilimia kumi, unasubiri tena. Kompyuta zilianguka mara tu zilipopokea faili, kwa hiyo hata kundi dogo la kwanza lingepiga kelele ndani ya dakika. Kampuni yenyewe baadaye ilitangaza kwamba mafaili ya aina hiyo nayo yatatolewa kwa awamu.

Ndiyo maana rafiki yako anaweza kupata sura mpya ya WhatsApp wiki mbili kabla yako. Hujasahaulika. Wewe uko kundi la nyuma.

Zikipita zote, basi ni salama?

Hapana, na ni vizuri tuambiane ukweli. Mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, alilisisitiza jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1960: majaribio yanaweza kukuonyesha kwamba makosa yapo, hayawezi kukuthibitishia kwamba hayapo.

Hesabu yake iko hivi. Chukua kipande kidogo kuliko vyote, kinachojumlisha namba mbili, kila moja ya biti 32. Ukitaka kujaribu kila jozi inayowezekana, ni majaribio zaidi ya bilioni 18, mara bilioni moja. Kompyuta inayofanya majaribio bilioni moja kila sekunde ingemaliza baada ya miaka zaidi ya 580. Hiyo ni kujumlisha tu, hatujagusa VICOBA.

Kwa hiyo kujaribu ni kuchagua. Hatua zote hizi zipo ili uchague kwa akili: swali tofauti kila mara, jicho tofauti kila mara, ili kosa lililojificha kwa mmoja lionekane na mwingine.

Wewe unaingia wapi?

Kama ni mtumiaji wa kawaida, soma alama. Programu ikiandikwa beta, ijaribu ukipenda, ila usiiwekee akiba yako yote wala picha zisizo na nakala. Ukikuta kosa, usiishie kuandika "haifanyi kazi". Andika vitu vinne: ulifanya nini, ulitegemea nini, ukaona nini, na simu yako ni ya aina gani yenye toleo lipi la programu. Kosa linaloweza kurudiwa na fundi ni kosa lililokaribia kupona.

Kama uko upande wa wanaonunua, yaani kamati ya SACCO, shule, zahanati, halmashauri, basi usikubali maonyesho yakaitwa majaribio. Kwenye maonyesho muuzaji anabonyeza vitufe anavyojua vitaitikia. Wewe mwombe haya:

- Ingizeni hesabu za mwezi mmoja uliopita, zile ambazo jibu lake mnalo kwenye daftari. Linganisheni shilingi kwa shilingi.
- Aijaribu karani mwenyewe, kwa simu yake mwenyewe, muuzaji akiwa amekaa pembeni.
- Uliza: saa ya msongamano mkubwa kuliko yote mmeijaribu? Kwa watu wangapi?
- Uliza: ikiharibika siku ya kwanza, tunarudi kwenye mfumo wa zamani kwa njia gani, na inachukua muda gani?
- Anzeni na tawi moja au darasa moja. Daftari lisifungiwe kabatini mpaka mizunguko michache ipite salama.

Muuzaji makini atayafurahia maswali haya, maana ameshajiuliza mwenyewe. Akianza kusema hakuna haja, mfumo umeshatumika mahali pengine bila tatizo, mkumbushe kwamba hata ile programu ya Ariane 5 ilikuwa imeshatumika mahali pengine bila tatizo.